Chagua Kwanza Stesheni ya Kumalizia

Anayekwenda kutembea mashambani kwa gari lake huwa na deni tangu anapofunga mlango: jioni sharti arudi pale pale alipoliegesha. Akifika juu ya mlima na kuona ng'ambo bonde linalomvutia, ataliangalia tu kisha ageuke. Ndiyo maana vijitabu vingi vya matembezi vimejaa mizunguko inayoanzia maegeshoni na kuishia maegeshoni. Aliyeshuka kwenye treni hana deni hilo. Anavuka mlima, anateremkia upande wa pili, anapanda treni katika stesheni nyingine kabisa, na njia yote hajakanyaga mahali pamoja mara mbili.

Nimeishi Uingereza muda wa kutosha kuzoea matembezi haya, mara nyingi nikiwa na shemeji yangu, mtu ambaye husoma ratiba ya treni kwa raha ileile ambayo wengine husomea habari za mpira. Watu wakituuliza tunapangaje siku hizo, hutarajia tuanze na mandhari, au umbali, au aina ya viatu. Sisi huanza na swali moja: tutapanda treni ya kurudi wapi? Mengine yote yanafuata hapo, hata mahali pa kuanzia.

Sababu yake ni nyepesi. Asubuhi unajua saa ya treni, nawe ukiamka mapema utaiwahi. Jioni mambo yamegeuka. Umepita kwenye matope, umezunguka shamba lenye fahali asiyependa wageni, umekaa juu ya jiwe kuangalia ndege zaidi ya ulivyokusudia. Hujui utafika saa ngapi, na huna haja ya kujua, mradi stesheni ya mwisho ina treni nyingi. Kwa hiyo ile treni adimu, ile ipitayo mara chache kwa siku, ipande asubuhi. Nenda nayo hadi mbali, kisha utembee kuelekea mahali ambapo treni hazikauki.

Sijaona mahali panapofundisha hili vizuri kuliko Berney Arms, huko Norfolk, mashariki mwa England. Ni stesheni iliyo katikati ya uwanda wa majani na mitaro ya maji, na hakuna barabara ya gari inayoifikia. Reli ile ilifunguliwa mwaka 1844, na kisa kinachosimuliwa ni kwamba mwenye ardhi, bwana aliyeitwa Berney, aliwauzia watu wa reli kwa sharti kwamba wamwekee kituo. Kituo kipo hadi leo, na bado hakina kijiji. Treni zinazosimama ni chache sana, na hata hizo hazisimami zenyewe: aliye ndani humwambia kondakta mapema kwamba anashuka Berney Arms, na aliye jukwaani hunyoosha mkono dereva amwone. Jukwaa lenyewe ni fupi, hivyo kondakta atakuelekeza ushukie mlango upi. Msikilize, na usogee kwenye mlango huo kabla treni haijapunguza mwendo.

Ukishashuka, treni inaondoka na unabaki na upepo, ng'ombe, na kinu kirefu cha upepo kando ya mto. Njia inafuata tuta la ukingo wa Breydon Water, ghuba ambayo maji yakipwa huacha matope mapana yaliyojaa ndege. Baada ya takriban kilomita 8 uko Great Yarmouth, na njia inakufikisha karibu kabisa na stesheni. Hapo treni za kwenda Norwich hupita mara nyingi kwa siku, basi ukichelewa nusu saa hujapoteza kitu.

Sasa igeuze safari hiyo. Umetoka Great Yarmouth ukiwa na nguvu, unatembea kuelekea Berney Arms ukiangalia saa kila baada ya hatua mia, kwa sababu treni moja ikikupita hapo unaweza kungoja saa nyingi, au usipate nyingine kabisa siku hiyo. Ndege ni walewale na kinu ni kilekile, lakini hutaviona. Akili yote iko kwenye mkono wa saa. Nimekutana na watu waliotembea hivyo. Walikuwa wanakimbia.

Tiketi nazo zina mkono wao katika jambo hili. Uingereza kuna tiketi za bei nafuu zinazonunuliwa mapema, ambazo zinakufunga kwenye treni moja tu. Kwa kwenda ni nzuri. Kwa kurudi kutoka mlimani mimi sizinunui hata zikiwa rahisi namna gani, maana miguu haina ratiba. Ikiwa stesheni zako mbili ziko kwenye reli moja, nunua tiketi ya kwenda na kurudi ya ile iliyo mbali zaidi. Kwa kawaida unaruhusiwa kushuka au kupanda katika stesheni iliyo njiani, isipokuwa masharti ya tiketi yenyewe yanakataza, na masharti hayo yasomwe kabla ya kulipa. Mkiwa watatu au zaidi, ulizieni tiketi ya kundi. Inapunguza nauli kwa theluthi moja katika reli nyingi. Ila inawataka msafiri pamoja. Kutangulia si kufika: yule wenu mwenye miguu mirefu anayewaacha nyuma kilomita nzima atafika jukwaani na kuwangoja tu.

Jambo la pili linalowapotosha wengi ni jina la stesheni. Jina kwenye ramani ni ahadi ambayo wajenzi wa reli hawakulazimika kuitimiza. Walifuata mwinuko ambao garimoshi liliweza kuupanda, kisha wakaipa stesheni jina la kijiji kilicho karibu zaidi, hata kama ukaribu huo ni wa kutembea saa nzima na zaidi. Stesheni ya Dent, kwenye reli ya Settle hadi Carlisle kaskazini mwa England, iko mita 350 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna nyingine katika reli kuu za England iliyo juu kuliko hiyo. Kijiji cha Dent chenyewe kiko chini bondeni, takriban kilomita 6 kutoka jukwaani. Waliojenga reli hii walikuwa kampuni ya Midland. Walianza kazi karibu mwaka 1869, na abiria wakaanza kupita mwaka 1876. Walitaka njia ya treni za kasi kwenda Scotland, wala si njia ya kuwahudumia wanakijiji, ndiyo maana reli inashikilia ubavu wa mlima badala ya kushuka waliko watu.

Kati ya Dent na Ribblehead, stesheni inayofuata kusini, ndipo yalipo matembezi ninayoyapenda kuliko yote. Ribblehead kuna lile daraja la matao 24, lenye urefu wa mita 400 hivi, linalovuka uwanda wa Batty Moss. Chini yake, kwenye majani, bado unaona alama za kambi za vibarua waliolijenga wakiishi na familia zao kwenye vibanda katika baridi kali. Wengi walikufa kwa ajali na kwa ndui, na makaburi yao yako Chapel-le-Dale, si mbali na hapo. Kutoka darajani reli inaingia katika handaki la Blea Moor, zaidi ya kilomita 2 chini ya ardhi. Njia ya miguu haina handaki, hivyo inapanda juu ya mlima huohuo na kufuata mashimo ya kupitishia hewa, yaliyojengewa kuta za matofali. Unaweza kuwa umesimama karibu na shimo moja ukasikia mngurumo kutoka ardhini, na kujua kwamba treni inapita chini ya nyayo zako.

Wengi huitembea sehemu hii kutoka Ribblehead kwenda Dent. Sina ugomvi nao, lakini tazama mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko kwenye ramani. Ukiteremka upande wa Dent unafika bondeni kabisa, unafuata barabara ndogo kando ya mto, kisha mwisho wa siku unakuta stesheni iko juu, na barabara inayokwenda huko ni mwinamo mkali usio na huruma. Magoti yamechoka, na katika reli ile kati ya treni moja na nyingine zinaweza kupita saa mbili. Ukiupanda taratibu, treni inakupita ukiisikia. Mimi huanza Dent. Nashuka treni nikiwa nimepumzika, nateremka ule mwinamo asubuhi, navuka mlima mchana, na mbele yangu jioni kuna daraja la Ribblehead linaloonekana kutoka mbali. Treni za hapo si nyingi zaidi ya zile za Dent, kwa kweli ni zilezile. Tofauti ni kwamba hakuna kilima cha mwisho, hivyo saa yangu ya kufika naweza kuikadiria.

Na kukadiria kuna kanuni yake ya zamani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipendekeza hesabu ambayo watu bado wanaitumia: saa moja kwa kila maili 3, ambazo ni kama kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita 600 hivi. Njia ya kilomita 15 yenye kupanda mita 450 inakupa saa tatu na dakika arobaini na tano. Lakini Naismith hakuhesabu kula, kupiga picha, kufungua na kufunga malango, wala kusimama kubishana juu ya ramani. Mimi huongeza theluthi, na nikiwa na watoto huongeza nusu. Uswisi wamewarahisishia watu jambo hili: vibao vya njano vya njia za miguu, na vingi vyake vipo stesheni kwenyewe, vinaandika muda badala ya kilomita. Ni mpango wa busara. Anayewahi treni anahitaji kujua saa. Kilomita hazimwambii kitu.

Hesabu ikishakamilika, itazame pamoja na jua. Katikati ya Desemba jijini London jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kaskazini huzama mapema zaidi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na njia ambayo wiki iliyopita uliimaliza kukiwa bado na mwanga sasa inaishia gizani. Ratiba ya Jumapili nayo ni ratiba nyingine kabisa, usidhani inafanana na ya Jumamosi. Kazi za kutengeneza reli hufanywa zaidi wikendi, na treni hubadilishwa na mabasi ambayo huzunguka vijijini kwa muda mrefu. Shemeji huangalia ratiba mara mbili, wakati wa kupanga na usiku wa kuamkia safari. Nilikuwa namcheka, siku hizi namuuliza yeye.

Usalama nitausema kwa kifupi, kwa sababu hauna mjadala. Njia za miguu huvuka reli mahali pengi, pengine pana lango dogo tu na kibao. Simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, na treni moja ikishapita tazama tena, kwa kuwa huenda ilikuwa inaificha nyingine inayotoka upande wa pili. Kutembea juu ya reli yenyewe ili kufupisha njia ni kosa la jinai Uingereza. Kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, na kipande cha mwisho kuelekea stesheni mara nyingi huwa hivyo, tembea upande unaokuwezesha kuyaona magari yanayokujia. Huku magari hupita kushoto, basi wewe shika kulia, isipokuwa kwenye kona kali usikoonekana.

Juu ya mavazi nina moja tu ambalo vitabu havilisemi. Ukitoka matopeni unaingia behewani mwenye abiria waliovaa vizuri. Beba viatu vyepesi na mfuko wa kutilia buti, ubadilishe ukiwa bado jukwaani. Heshima ya watembeaji wote inategemea viti vile.

Kuna njia nyingine ambayo ningemshauri mtu aanze nayo, kwa sababu ndani yake reli na haki ya kutembea vimeshikana. Kijiji cha Edale kiko kwenye reli inayounganisha Manchester na Sheffield, na treni huwashusha watembeaji kwa mamia siku za wikendi. Dakika chache kutoka stesheni inaanzia Pennine Way, njia ya kilomita 431 iliyofunguliwa mwaka 1965. Huhitaji kuitembea yote. Panda nayo hadi Kinder Scout, mlima wa mita 636, kisha teremkia magharibi hadi Hayfield. Kutoka Hayfield hii, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani, waliingia kwa makusudi katika ardhi ya mlima iliyotengwa kwa uwindaji wa matajiri. Baadhi yao walifungwa. Sheria zilichukua muda mrefu kubadilika: ya mwaka 1949 ilileta hifadhi za taifa, ya mwaka 2000 ikatoa haki ya kutembea kwa uhuru katika nyika na milima ya England na Wales. Scotland ilipata sheria yake mwaka 2003, iliyo pana zaidi.

Hayfield ilikuwa na stesheni yake. Ilifungwa mwaka 1970, miaka ambayo reli nyingi ndogo zilikuwa zinang'olewa baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza zifungwe. Lakini tuta la reli lilibaki, na leo ni njia ya watembeaji na baiskeli, takriban kilomita 4 hadi New Mills. Ni tambarare, kwani garimoshi halikupenda vilima, na miguu iliyotoka Kinder Scout inashukuru. New Mills Central iko kwenye reli ileile uliyokuja nayo Edale. Umeanza kwenye reli iliyo hai, umemaliza juu ya mfu wake, na tiketi moja imetosha.

Nisije nikaonekana nadai kwamba ratiba huamua kila kitu. Zipo njia ambazo stesheni zote mbili zina treni za kutosha, na hapo ndipo unapoona kama kanuni yako ina akili au ni mazoea tu. Seaford na Eastbourne, pwani ya kusini, ni mfano wake. Kati yao kuna majabali meupe ya chaki yaitwayo Seven Sisters, yakifuatiwa na Beachy Head yenye mita 162, na matembezi yote ni takriban kilomita 22. Ramani inaweza kukudanganya mahali pamoja: mto Cuckmere hauna daraja unapoingia baharini, hivyo sharti uufuate kuelekea bara hadi Exceat ndipo uvuke na kurudi pwani. Pembeni mwa majabali kaa mbali na ukingo, kwa sababu chaki humomonyoka bila kuaga.

Mimi natoka Seaford kwenda Eastbourne. Upepo wa Uingereza huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, na juu ya majabali yale ni afadhali ukusukume mgongoni kuliko ukupige usoni kwa saa sita, hasa ukiwa na mvua. Shemeji anataka kinyume. Anasema mandhari bora ya Seven Sisters huonekana kutoka upande wa Seaford, ng'ambo ya mto, ukitazama mashariki. Na anayepita hapo asubuhi analikuta jua likiwa mbele yake na majabali yakiwa kivulini. Ukitoka Eastbourne, unafika hapo alasiri, unageuka nyuma, na chaki yote imepigwa na jua. Hoja yake ni nzuri, na imenichukua muda kulikubali hilo. Tumepatana kwamba itategemea utabiri wa hali ya hewa: upepo ukiwa wa mashariki tunaanzia kwake, ukiwa wa magharibi tunaanzia kwangu, na ukiwa hauvumi kabisa anayelipa tiketi ndiye anayechagua.